Ukuta Peke Yake Hauzuii Mafuta: Uhakiki wa Istilahi za Matengenezo ya Zege Penye Matangi ya Mafuta

Miongoni mwa rasimu zilizoletwa kwetu ili istilahi zake zipimwe kabla ya kusanifiwa, imo moja ya mwongozo wa kukagua na kutengeneza majengo ya zege yanayozunguka matangi ya mafuta. Wenye rasimu hatutawataja, kwa kuwa shabaha ya uhakiki huu ni lugha na wala si kampuni. Mwongozo umefasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya waashi, mafundi na wasimamizi wao, watu ambao watausoma wakiwa na nyundo mkononi. Mfasiri ameandika Kiswahili fasaha. Sentensi zake ni fupi, na ni mara chache tu amekimbilia kuazima neno pale ambapo Kiswahili kina lake. Tunazitaja sifa hizo mapema kwa sababu kasoro tutakazozijadili si za ufasaha. Mtu aweza kuandika Kiswahili kisicho na dosari ya sarufi, na bado akamwelekeza fundi aiharibu kazi.

Kwa faida ya msomaji asiyepata kuliona jambo lenyewe, hatuna budi kulieleza kwa ufupi. Penye matangi makubwa ya mafuta, kama vile Kigamboni, Dar es Salaam, au Changamwe, Mombasa, ambako mafuta ghafi yalisafishwa tangu 1963 hadi 2013, kila tangi au kundi la matangi huwekwa ndani ya eneo lililozungushiwa kingo. Shabaha ni kwamba tangi likipasuka au likifurika, mafuta yabaki humo, yasifike baharini, visimani, wala penye moto. Kanuni inayofuatwa sana Uingereza na kwingineko ni kwamba eneo hilo liweze kuchukua asilimia 110 ya ujazo wa tangi lililo kubwa kuliko yote yaliyomo. Jengo la namna hii laweza kukaa miaka thelathini bila kuguswa na tone la mafuta. Siku likihitajiwa huhitajiwa lote kwa mara moja, sakafu na kuta na pembe zake, wala hapana nafasi ya kulijaribu tena.

Jengo hilo rasimu inaliita "ukuta wa pili". Hapa ndipo ugomvi wetu na mfasiri unapoanza.

Kwanza tulitazame hilo "pili". Tunaelewa lilikotoka: tangi ndilo kizuizi cha kwanza cha mafuta, na zege linalolizunguka ni kizuizi kinachofuata. Lakini katika Kiswahili cha kazini, kitu cha pili ni kile cha daraja la chini, kama gari la daraja la pili au saruji iliyobaki kwenye mfuko. Msimamizi mwenye fedha chache atakayesoma kwamba mwaka huu kuna tangi la kupaka rangi na "ukuta wa pili" wa kutengeneza, si vigumu kubashiri atakalolitanguliza. Hata hivyo hilo ni dogo. Kubwa ni lile neno "ukuta".

Ukuta husimama. Kazi yake ni kutenga, na mtu akitaka kujua kama ni mzima, hutazama kama haujainama wala kubomoka. Lakini jengo hili ni chombo, na chombo husifiwa kwa kutovuja. Fundi aliyeambiwa akague ukuta atazunguka nje, atatazama zege lililosimama, ataandika kwamba ni salama, na atakuwa amesema kweli. Sakafu hataitazama, kwa kuwa sakafu si ukuta. Tundu ambamo bomba limepita halitamshughulisha, kwa kuwa tundu halimwangushi ukuta. Ufito wa mpira uliooza kati ya kipande na kipande utampita, kwa kuwa hauonekani. Katika rasimu nzima sakafu imetajwa mara mbili tu, na hatudhani kwamba mwandishi wa awali aliisahau hivyo. Neno lililochaguliwa ndilo lililoifukuza.

Kama kuna msomaji anayedhani kwamba tunachezea maneno, na atazame yaliyotokea Buncefield, karibu na mji wa Hemel Hempstead nchini Uingereza, alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005. Hapo palikuwa na ghala kubwa la mafuta. Tangi namba 912 lilikuwa likijazwa petroli kwa bomba. Kipimo cha kiwango kilikwama, swichi iliyotakiwa kuzuia tangi lisijae kupita kiasi haikufanya kazi, na petroli ikafurika kutoka juu. Wingu la mvuke wake lililipuka kama saa kumi na mbili asubuhi, matangi zaidi ya ishirini yakashika moto, na watu 43 wakajeruhiwa. Kwamba hakuna aliyekufa ni kwa sababu ilikuwa Jumapili na maofisi ya jirani yalikuwa matupu. Lakini jambo linalotuhusu sisi lilikuja baadaye. Moto ulizimwa kwa siku kadhaa kwa maji na povu, na mchanganyiko huo pamoja na mafuta ulitakiwa ubaki ndani ya kingo za zege. Haukubaki. Uchunguzi ulionyesha kwamba ulipita hasa kwenye maungio ya vipande vya zege na mahali mabomba yalipopenya kuta, baada ya vijazio kuungua. Ukachafua ardhi na maji yaliyo chini yake katika miamba ya chokaa. Sehemu kubwa ya kuta ilikuwa bado imesimama. Chombo kilikuwa kimekwisha kuvuja.

Tunahitaji, basi, jina la chombo. Kwa kingo za udongo lugha yetu inalo "tuta", nalo lafaa kabisa. Hatuoni sababu ya kulifukuza kwa kuwa tu linatoka shambani. (Hata Waingereza neno lao la jengo hili walilichukua Bara Hindi, nalo asili yake ni Kiajemi, lenye maana ya kufunga au kuziba.) Lakini jengo la zege si tuta. "Bwawa" lina maji ya kudumu katika fikira za msomaji, hali hapa ukavu ndio unaotakiwa. Tuliwahi kulifikiria "birika" kwa muda mrefu. Katika misikiti ya kale ya pwani, kama ile ya Gedi na Kilwa, yapo mabirika ya mawe na chokaa yaliyojengwa ili yashike maji ya kutawadhia, na waashi wa zamani walijua kwamba birika ni sakafu na pembe kabla ya kuwa ukuta. Hakuna neno ambalo maana yake ya asili iko karibu zaidi na haja yetu. Bahati mbaya ni kwamba msomaji wa bara akisikia birika huona chai. Twaweza kumfundisha, lakini mwongozo wa usalama si mahali pa kumfundisha mtu maana mpya ya neno analolitumia kila asubuhi.

Limebaki "hodhi". Neno hili ni la kitu kikubwa cha kuwekea maji au kioevu kingine, lina wingi wake wa kawaida, "mahodhi", na lina jamaa yake katika kitenzi "kuhodhi", yaani kushika kitu na kutokiachia. Najua, atasema msomaji, kitenzi hicho kina sifa mbaya, maana tulimwita mhodhi yule mfanyabiashara aliyeficha sukari na sabuni. Naam. Ila hodhi la zege linatakiwa liwe bahili kama yeye, lisitoe hata kibaba. Tunapendekeza "hodhi la kinga", na mahali ambapo hakuna hatari ya kuchanganya, "hodhi" peke yake. Katika sehemu zinazobaki za uhakiki huu tutalitumia hivyo.

Neno la pili linalotutia wasiwasi ni "kiungo". Rasimu inalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Zege humwagwa kwa vipande. Pale ambapo kipande cha jana kimekutana na cha leo, mwashi hukusudia vishikane viwe kitu kimoja, na nondo hupita kati yake. Hicho ni kiungo kweli. Lakini zege hutanuka kwa joto la mchana na kunywea usiku, na lisipopewa nafasi hujipasulia nafasi lenyewe. Kwa sababu hiyo huachwa uwazi mwembamba wa makusudi kati ya kipande na kipande, ukajazwa kitu cha kunyumbuka, na ndani yake hupitishwa ufito wa kuzuia maji. Kitu kilichoachwa ili vipande visishikane hakiwezi kuitwa kiungo. Tunapendekeza "mwanya", na kwa ukamilifu "mwanya wa mjongeo".

Tofauti hii si ya kitabuni. Katika ukurasa mmoja rasimu inaagiza: "Viungo vilivyofunguka vizibwe kwa saruji." Tukikisoma kama kiungo, agizo laweza kuteteleka likapita. Tukikisoma kama mwanya, agizo hilo ni la kuharibu. Saruji ngumu ikijaza mwanya, siku ya jua kali vipande vitasukumana, na zege litapasuka pembeni, mahali pasipotazamiwa na pasipo na ufito wowote wa kinga. Mwanya hutolewa kijazio cha zamani, husafishwa, hukaushwa, kisha hujazwa kijazio kingine chenye kunyumbuka. Nacho kichaguliwe kwa kuuliza kama chaweza kustahimili mafuta, kwa sababu lami, ambayo fundi wa barabara huitumia kila siku, huyeyushwa na petroli na dizeli. Rasimu haina jina la kijazio hicho ila "gundi". Gundi hushikamanisha. Hiki hujaza na kunyumbuka. "Kijazio nyumbufu" si jina zuri sana masikioni, lakini halimdanganyi mtu.

Kuhusu nyufa mfasiri ametuletea methali tunayoijua sote, ile ya ufa usiozibwa, na kuiweka juu ya sura kama kaulimbiu. Methali ni nzuri na imeokoa nyumba nyingi, lakini inazungumzia ufa mmoja tu, ule unaozibika. Fundi wa zege huuliza swali jingine kabla ya kuziba: je, ufa huu bado unatembea? Ufa uliotokana na zege kunywea katika siku zake za kwanza huweza kutulia kabisa. Huo waweza kujazwa epoksi kwa shinikizo, na pande zake mbili zikashikana tena. Ufa unaofunguka mchana na kufumba usiku, au unaokua kwa kuwa msingi unatitia, ukijazwa kitu kigumu utafunguka tena hapo hapo au jirani yake. Jiografia yetu shuleni imekwisha kuzoea "volkano hai" na "volkano mfu". Tuseme basi "ufa hai" na "ufa mfu", na agizo la kwanza katika sura hiyo liwe kuweka alama pande zote mbili za ufa, kuandika tarehe, na kurudi kupima. Rasimu inaagiza kuziba siku hiyo hiyo.

Tumekuta pia kosa la zamani la kuita zege saruji. Saruji ni ule unga wa mfukoni. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji uliogeuka jiwe. Mitaani watu husema "nyumba ya saruji" na hakuna anayedhurika, wala hatukusudii kuwafuata mitaani. Katika mwongozo wa kazi jambo ni tofauti, kwa kuwa fundi aliyeambiwa "tengeneza kwa saruji" atakoroga uji wa saruji na kuupaka juu. Rangi italingana, ukaguzi utapita, na ule utando utabanduka kabla ya mwaka kwisha.

Linaloshinda yote ni lile la kukausha. Rasimu inasema kwamba kiraka cha zege kipya "kikaushwe kwa siku saba". Tulirudia kuisoma sentensi hiyo tukidhani kwamba ni kosa la chapa. Zege haligandi kwa kukauka. Linagandishwa na maji yanayoingia katika saruji na kujenga nayo kitu kipya, na maji yakikimbia mapema kazi hiyo hukatika njiani. Kiraka hubaki dhaifu, chenye vitundu na nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ambavyo ndivyo njia za mafuta. Kinachotakiwa kwa siku saba ni kinyume cha kukausha, yaani kumwagilia, kufunika kwa magunia mabichi au nailoni, na kukinga jua na upepo. Kila kibarua wa ujenzi nchini huisema kazi hiyo kwa neno moja, "kumwagilia zege", na angemsaidia mfasiri kama angeulizwa. Kwa maandishi ya kitaalamu tunapendekeza "kukomaza", kwa kuwa zege hufananishwa vema na tunda: linaendelea kupata nguvu, na nguvu zake hupimwa kwa kawaida siku ya 28. Lakini pale ambapo agizo linamhusu mtu mwenye ndoo, na liandikwe "kumwagilia".

Juu ya kutu ya nondo rasimu iko vizuri zaidi, na tutapita haraka. Inaeleza sawasawa kwamba zege zima hulinda chuma kwa uchungu wake wa kialkali, kwamba chumvi ya upepo wa bahari huuvunja ulinzi huo, na kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, ikalipasua zege kutoka ndani. Ombi letu ni moja. Rasimu hutumia "kubomoka" kwa hatua zote, hali lugha ina hazina. Zege lililoachana na lililo chini yake lakini bado liko mahali pake limebanduka. Fundi hulijua kwa kuligonga kwa nyundo, maana hulia kama debe tupu. Lililokwisha kuanguka kwa vipande limemeguka. Lililoliwa juu juu na asidi au maji makali limechubuka. Tiba zake ni tofauti. La kwanza ndilo la hatari zaidi kwa mkaguzi mvivu, kwa kuwa macho hayalioni, nalo likigunduliwa hukatwa mpaka nyuma ya nondo, chuma kikasuguliwa hadi kiwe cheupe, ndipo kiraka kijazwe.

Vivyo hivyo kwa "kuvuja". Katika fomu ya taarifa iliyo mwishoni mwa mwongozo kuna nafasi moja tu ya kuandika, "Mahali palipovuja". Rejea Buncefield: tangi lilifurika, hodhi likavuja. Angejaza fomu hii mtu wa zamu, angeandika kwamba vyote viwili vilivuja, na aliye ofisini angetuma mchomeleaji kwenye tangi zima lisilo na tundu. Kufurika ni kosa la kipimo na la mjazaji. Kuvuja ni kosa la chombo. Kupenya ni pale mafuta yanapopita katika vitundu vya zege lenyewe pasipo ufa wowote, na dawa yake ni utando wa kinga juu ya uso wote. Kutona na kuchirizika ni vipimo vya wingi. Mzungumzaji wa Kiswahili anayatenganisha maneno haya tangu utotoni bila kufundishwa na mtu. Ajabu ni kwamba anapoandika istilahi huyakusanya yote katika moja, kana kwamba utaalamu ni umaskini wa maneno.

Mwisho, kichwa cha mwongozo wenyewe: "Ukarabati". Ukarabati hurudisha kitu kilichoharibika. Lakini nusu ya kazi katika hodhi la kinga ni utunzaji wa kitu ambacho bado ni kizima, na mfano wake bora ni maji ya mvua. Hodhi lisilovuja mafuta halivuji maji pia. Masika ikinyesha, hujaa. Tuchukue hodhi lenye eneo wazi la mita za mraba 3,000 na tangi la mita za ujazo 5,000. Ile asilimia kumi ya ziada ni mita za ujazo 500. Maji yenye kina cha sentimita kumi tu yamekwisha kula 300 kati ya hizo. Kwa hiyo kuna valvu ya kuyatoa, ambayo hufunguliwa na mtu baada ya kuhakikisha kwamba juu ya maji hayo hapana mafuta, naye husimama hapo mpaka aifunge tena. Valvu iliyosahauliwa wazi hulifanya hodhi zima kuwa pambo, hata kama zege lake halina ufa mmoja. Katika rasimu kazi hii imo katika kiambatisho, bila shaka kwa sababu haikuingia katika maana ya "ukarabati". Tunapendekeza kichwa kiwe "Utunzaji na Matengenezo ya Mahodhi ya Kinga", na ukarabati uwe sura mojawapo ndani yake.

Rasimu imerudishwa kwa wenyewe pamoja na mapendekezo haya. Neno moja tumeliacha wazi, nalo ni la ule ufito wa mpira au wa chuma unaozikwa ndani ya zege katikati ya mwanya ili kioevu kisipite. Rasimu inauita "kizuia maji", jina ambalo laweza kuwa la koti la mvua. Tumesikia "ulimi", tena tumesikia "mshipa", yote mawili kutoka kwa waashi, na yote yana la kusemea. Ulimi huonyesha namna unavyoingia katika zege la pande zote mbili. Mshipa huonyesha kwamba umezikwa na haubadilishiki bila kupasua. Wasomaji waliopata kufanya kazi hii Kigamboni, Changamwe, Tanga au kwingineko, na ambao kazini kwao lilikuwapo jina jingine, watuandikie kabla kamati haijakutana.